Nani Alichimba Silanga Yetu

Siku moja naikumbuka kuliko siku nyingine zote za ualimu wangu, mwanangu, na mpaka leo sijui niiweke upande wa siku nzuri au upande wa siku mbaya. Ilikuwa Jumatano ya muhula wa pili, katika ile miaka ya tisini, nami sijamaliza hata mwaka mmoja tangu nitoke chuo cha ualimu. Nakusimulia kwa sababu juzi ulikuja hapa na barua yako ya kazi mkononi ukaniuliza mtu anawafundishaje watoto wa darasa la nne historia ya mahali pao wenyewe. Nilikwambia unipe muda nifikirie. Nimefikiria siku tatu nzima. Jibu fupi sina, lakini kisa ninacho, na wewe utaona cha kufanya nacho.

Unajua mimi ni mtu wa Tala. Nililelewa sokoni, mama akiuza nguo za mitumba, na nilipomaliza chuo nikapelekwa Yatta, kwenye shule ndogo ya msingi iliyo kati ya Kithimani na Katangi. Nilifika pale sijui mtu. Kikamba changu kilikuwa kile kile chao, ila hawakuacha kuniita mwalimu wa Tala, kama vile Tala ni nchi nyingine. Nikapewa darasa la nne, na ndani yake lile somo mnaloliita sasa Masomo ya Jamii. Siku hizo lilikuwa Jiografia, Historia na Uraia, wote tukiliita ji-echi-si, na darasa la nne ndipo watoto walipojifunza wilaya yao: milima, mito, mazao, machifu, watu waliishi vipi zamani.

Nyuma ya shule kulikuwa na bwawa la udongo, silanga kama tunavyosema huku. Watoto walichota maji hapo kila Ijumaa ya kuosha madarasa, ng'ombe wa kijiji kizima walinywa hapo, na kiangazi kikikaza wanawake walitoka mbali kuja kuchimba visima vidogo katika tope lake. Katika daftari nililoachiwa na mwalimu aliyenitangulia, habari za silanga ile zilikuwa sentensi moja tu: kwamba serikali ya kikoloni iliwasaidia wananchi kuchimba mabwawa ili kupunguza shida ya maji. Watoto waliikariri sentensi ile kama wimbo. Mimi nikaona haitoshi. Ningeweza kuchukia uvivu wa yule mwalimu, na kweli nilimchukia kidogo, kumbe huenda hakuwa mvivu. Huenda alijua jambo ambalo mimi sikulijua. Sina hakika, maana hatukuwahi kuonana.

Basi nikawaambia watoto waende nyumbani wakaulize: nani alichimba silanga yetu?

Kesho yake majibu yakaja ya kila namna. Mmoja alisema ni Mzungu. Mwingine alisema ni trekta. Halima, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi na wao ndio waliokuwa familia pekee ya Kisomali pale sokoni, alisema babake hajui kwa sababu walipofika waliikuta. Kisha akasimama msichana mmoja mwembamba, jina lake Mwende, akasema, "Silanga ilichimbwa na susu yangu."

Susu ni bibi, mama mzaa mama au mzaa baba. Darasa lote likacheka. Mwende hakukaa chini.

"Peke yake?" nikamuuliza.

"Na wengine. Lakini yeye alichimba. Amesema kama mwalimu anataka kujua, aende kwake amuulize, asitume watoto."

Jumamosi nikaenda. Susu Syombua alikuwa mama wa miaka kama sabini hivi, mrefu, ameketi mbele ya jiko lake akipukuchua mbaazi. Alinipa kigoda, akanipa bakuli la isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na hakuniuliza lolote mpaka nilipomaliza kula. Nikamweleza kwamba chuoni tulifundishwa kumwalika darasani mtu aliyeona mambo kwa macho yake, ili watoto wasikie kutoka kwake badala ya kitabu. Akasikiliza, akaendelea na mbaazi zake. Halafu akaniuliza swali ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

"Unataka nije niseme yote, au niseme yale ya shule?"

Nami, msichana wa miaka ishirini na minne, nikajibu haraka haraka, "Yote, susu."

Nilikuwa na furaha siku ile nikirudi. Jumatatu nikampasha habari mwalimu mkuu, Bwana Mbithi, mzee mpole aliyekuwa amebakisha miaka michache astaafu. Alivua miwani yake, akaifuta kwa tai.

"Mwalimu, umeangalia rejista yako? Umeona ni watoto wa kina nani wako kwa hilo darasa?"

Nikamwambia ninawajua watoto wangu wote kwa majina.

"Majina unayajua," akasema. "Sawa. Wewe endelea."

Nilifikiri ni woga wa wazee. Nilitoka ofisini mle nikijiona jasiri. Na sasa nikikaa peke yangu huwa najiuliza, kwa nini hakunieleza wazi? Angesema neno moja tu. Labda alitaka nijifunze, labda na yeye alitaka jambo lile lisemwe na mtu ambaye si wa pale. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Jumatano Susu Syombua alikuja amevaa vizuri, kitambaa cheupe kichwani kama mtu aendaye kanisani. Watoto walimpigia makofi. Alisimama, akakataa kiti, akaanza kusimulia kwa Kikamba. Mwanzoni ilikuwa kama nilivyotarajia. Aliwaambia jinsi mahali pale palivyokuwa bonde kavu. Akawaambia kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mmoja, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameenda Nairobi na kwenye mashamba ya katani kutafuta kazi, waliotoka ni wanawake. Walichimba kwa majembe, wakabeba udongo kwa karai na vyondo, kutoka jua linapochomoza mpaka linapokaribia kuzama. Mtoto mmoja akauliza kama ilikuwa mwethya, ile kazi ya kusaidiana ya vijiji vyetu, ambapo watu huimba na kupikiana.

"Waliita mwethya," Susu akasema. "Lakini kwenye mwethya unaitwa na jirani yako. Hii tuliitwa na chifu, na chifu aliweka askari wake wa kutuangalia. Askari alikuwa na kiboko."

Hapo nilipaswa kumkatiza, mwanangu? Nakuuliza kweli, kwa sababu sijui. Watoto walikuwa wamenyamaza kabisa. Hawajawahi kuninyamazia hivyo hata siku moja. Na nilimwambia aseme yote.

Akaendelea. Alisema alikuwa ameolewa mwaka ule ule, na alikuwa mjamzito. Siku moja jua lilikuwa kali, akaketi kwenye ukingo apumzike. Askari akamwambia ainuke. Akasema hawezi. Askari akampiga kiboko mgongoni, mara tatu au nne, hakumbuki vizuri, mpaka akaanguka.

"Yule mtoto hakukaa," akasema Susu. "Angekuwa ndiye mkubwa wa watoto wangu."

Halafu, kwa sauti ile ile, akataja jina. "Askari alikuwa ni Kilonzo, huyu wa ng'ambo ya mto."

Kwenye dawati la pili kulikuwa na mvulana anaitwa Mutua. Mtoto hodari, mwenye mwandiko mzuri, mtoto wa mtu mwenye duka la misumari na mabati Kithimani. Hakusimama. Alisema tu, kama mtu anayejibu rejista, "Huyo ni umau wangu." Umau ni babu.

Watoto wote wakageuka kumtazama. Susu naye akageuka. Niliona usoni mwake kwamba hakujua. Watoto wa siku hizo walikuwa wengi na yeye hakuwa akitembea sana, angewajuaje wote? Mimi ndiye niliyekuwa na rejista.

Nilitafuta neno la kusema. Nililolipata lilikuwa baya kuliko kunyamaza. Nilisema mbele ya darasa zima, "Mutua, si wewe uliyefanya hivyo." Nilidhani namsaidia. Lakini ukimwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba si yeye, kila mmoja anaanza kumwona ni yeye. Kengele ya mapumziko ikalia, nikashukuru, nikawatoa nje.

Nilimsindikiza Susu mpaka langoni. Niliporudi nikasikia kelele upande wa silanga. Watoto walikuwa wamebuni mchezo. Baadhi walikuwa wameinama wanachimba kwa vijiti, wanaimba, na katikati yao wamemsimamisha Mutua, wamemshikisha fimbo, wanamwambia, "Piga. Wewe ni Kilonzo. Piga." Alikuwa anatikisa kichwa. Wakazidi kumzunguka na kumsukuma. Mwende alikuwa miongoni mwa wachimbaji, na ni yeye aliyeketi chini akasema, "Nimechoka, siwezi."

Mutua akampiga. Hakumpiga kwa mchezo. Fimbo ilimpasua Mwende juu ya kiwiko, damu ikatoka, naye akabaki ameketi anaitazama damu kama si yake. Mutua akaitupa fimbo ndani ya maji akakimbia kwenda kwao. Nilikimbia nyuma yake kidogo, kisha nikarudi kwa Mwende, kisha nikasimama tu pale. Sikujua niende kwa nani kwanza. Watoto wote wawili walikuwa wangu.

Kesho yake Mutua hakuja shule. Keshokutwa pia. Maneno yalikuwa yamefika sokoni, kila mtu akiyasema kwa namna yake. Kuna waliosema ni vizuri ukweli umetoka. Kuna waliosema mwalimu wa Tala amekuja kufufua ugomvi wa koo. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuja akasema kwa upole sana kwamba huenda ningefurahia zaidi kufundisha karibu na kwetu. Babake Mutua alipita mbele ya ofisi bila kunisalimia. Nami usingizi ukawa shida, chakula kikawa shida. Nilikuwa nimefanya kosa gani hasa? Nilisema uongo? Hapana. Susu alisema uongo? Sikuamini hivyo. Basi mbona mtoto mmoja ana jeraha mkononi na mwingine amejificha nyumbani?

Siku ya tatu nikavuka mto kwenda kwa Mzee Kilonzo. Njiani nilijitayarisha kukutana na mtu mkali. Nilimkuta mzee mfupi anaziba mzinga wa nyuki kwa nta. Alinikaribisha kwa adabu, akaniita mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake, ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake.

"Amesema nilimpiga," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mzee."

Alipaka nta kwenye ufa mmoja. "Nilipiga watu," akasema baadaye. "Nilipewa kiboko na chifu, na chifu alikuwa ameshika ng'ombe wa baba yangu kwa ajili ya kodi. Akaniambia nikifanya kazi vizuri atawarudisha. Nilikuwa kijana, miaka kama hii yako. Nilipiga wengi. Siwezi kukudanganya." Akaendelea kupaka nta. "Lakini yeye simkumbuki nikimpiga. Namkumbuka, au nakumbuka mwanamke mmoja mwenye mimba, nikimbeba mgongoni kumpeleka kwao, anavuja damu, na mimi nalia. Hiyo nakumbuka kama jana. Sasa wewe umesoma. Niambie, ni mimi niliyempiga na ni mimi niliyembeba? Au aliyempiga ni mwingine? Tulikuwa askari wawili. Yule mwenzangu alikufa zamani, siwezi kumwekea mzigo wangu. Nimekaa hapa siku tatu nauliza kichwa changu, na kichwa hakijibu."

Nilikuwa nimeenda kutafuta mambo yanyooke, mwanangu. Nikatoka yamezidi kupinda. Kabla sijaondoka aliniomba jambo moja, kwamba naye aje shuleni azungumze na watoto. Nikamwambia sijui kama inafaa. Akasema, "Mjukuu wangu amesikia nusu mbele ya watu. Ile nusu nyingine nikimwambia hapa nyumbani tu, ataona naficha."

Nilimpelekea Bwana Mbithi neno hilo. "Mimi nakuruhusu," akasema, "lakini mwenye ruhusa si mimi. Nenda kwa yule mama."

Nikaenda kwa Susu Syombua, na safari hii sikula kitu, nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimwambia yote aliyosema Kilonzo, hata lile la kubebwa. Aliacha kazi yake akatazama nje.

"Nilibebwa," akasema. "Hilo ni kweli. Siku zote nilijua nilibebwa, na sikujua ni nani, sikufungua macho. Nilifikiri ni shemeji yangu." Akairudia kazi yake. "Aje. Lakini na mimi nitakuwepo. Na mjukuu wangu akae karibu na mimi."

Halafu nikafanya lile ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilienda nyumbani kwa Mutua, nikamwomba mama yake niongee naye. Nikamweleza nani atakuja, atasema nini, na kwamba kama hataki tutaacha. Unajua aliniuliza nini? Hakuuliza kuhusu babu yake. Aliuliza, "Mimi nitakaa wapi?" Nikamwambia atakaa popote anapotaka. Alifikiri sana, akasema atakaa karibu na mlango.

Ijumaa iliyofuata darasa lilikuwa dogo kwa watu waliokuwemo. Mwalimu mkuu alisimama nyuma. Susu aliketi mbele, Mwende karibu naye, kitambaa bado kimefungwa juu ya kiwiko. Mutua aliketi karibu na mlango. Mzee Kilonzo aliingia amevua kofia. Hakusimulia sana. Aliwaambia watoto alikuwa askari wa chifu, alipewa kiboko, alikitumia. Aliwaambia kuhusu ng'ombe wa baba yake, na akaongeza kwamba ng'ombe wale hawakurudishwa. Kisha akasema watoto waulize.

Halima ndiye aliyenyoosha mkono. "Kwa nini hukukataa?"

"Nimejiuliza hilo tangu kabla baba yako hajazaliwa," akasema. "Kulikuwa na mmoja aliyekataa. Walimpeleka gerezani, akarudi, akaishi vizuri. Kwa hiyo kukataa kuliwezekana."

Baada ya hapo Susu akasema, bila kumtazama, "Wewe ndiye ulinibeba?"

"Nilibeba mwanamke mmoja. Alikuwa amejifunga shuka nyekundu."

"Mimi sikuwa na shuka nyekundu."

"Basi sijui," akasema mzee.

"Hata mimi sijui," akasema Susu.

Mimi nilikuwa nimeshika chaki mkononi, sikuwa na cha kuandika ubaoni. Halafu Mzee Kilonzo akasema, "Kubeba sina hakika. Kiboko nina hakika. Kama haukuwa mgongo wako, ulikuwa wa dada yako au wa jirani yako. Kwa hicho naomba msamaha, hapa mbele ya watoto."

Susu akakikaza kitambaa mkononi mwa Mwende. "Nimesikia," akasema.

Hilo tu. Hakusema nimekusamehe. Wengine pale kijijini baadaye walisimulia kwamba walishikana mikono, wengine kwamba walilia wote wawili. Mimi nilikuwemo, na nililosikia ni hilo neno moja. Mzee aliinama kidogo, akavaa kofia yake, akatoka. Alipofika mlangoni Mutua alisimama akamshika mkono wakaondoka pamoja, ingawa saa ya kwenda nyumbani ilikuwa bado.

Walipotoka, Mwende akanyoosha ule mkono wake mzima. "Mwalimu, kwa mtihani tuandike nini?"

Ningetaka kukwambia nilimpa jibu zuri. Nilimwambia sijui. Kisha nikakumbuka kwamba mtihani unatoka wilayani na anayeusahihisha hajui Susu wala Kilonzo, nikasema waandike ya kitabu. Kisha nikaona aibu. Nikasema kwenye mtihani waandike ya kitabu, lakini kwenye madaftari yao kila mmoja aandike anachojua kuhusu silanga, na aseme amekijua kutoka kwa nani. Ndivyo nilivyosema, nikibadilisha maneno mara tatu, na watoto wakinitazama.

Mutua alirudi Jumatatu na daftari lake. Alikuwa ameandika mistari michache, na maneno yake nayajua kwa moyo: "Silanga yetu ilichimbwa na watu. Susu wa Mwende alichimba. Umau wangu alisimamia na alipiga watu, ameniambia mwenyewe. Mtu mmoja alibebwa lakini hatujui alibebwa na nani. Mwalimu pia hajui." Nikamwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu, nikaenda nyuma ya jiko la walimu nikakaa peke yangu kwa muda.

Usifikiri yote yaliisha vizuri. Muhula ulipofungwa, baba yake Mutua alimhamisha akampeleka shule ya Kithimani, na sikupata kumfundisha tena. Mwende alibaki na kovu juu ya kiwiko. Kamati haikunihamisha, nafikiri Bwana Mbithi alinitetea, lakini kuna nyumba ambazo sikukaribishwa chai hadi nilipoondoka Yatta miaka sita baadaye. Na Susu Syombua, siku niliyokwenda kumuaga, aliniambia jambo ambalo lilinichanganya zaidi. Alisema, "Ulikosea, mwalimu. Lakini usingekosea, ningekufa nimenyamaza." Nikabaki nimeshika mkono wake, sijui nimshukuru au nimwombe radhi. Nadhani nilifanya yote mawili.

Sasa unaniuliza ufundishe vipi. Mwanangu, kabla hujamwita mtu yeyote aje kusimulia, kaa na rejista yako usiku mmoja, na usiishie kwenye majina. Uliza kila mtoto ni wa nyumba gani, na nyumba hiyo ilikuwa upande gani mambo yalipotokea. Anayekuja kusimulia naye mwambie ni nani watakuwa wamekaa mbele yake, maana ana haki ya kujua anamwambia nani. Mtoto ambaye jambo litamgusa mwone kwanza, kando, na umwachie achague atakapokaa. Usimtetee mbele ya wenzake kama nilivyofanya mimi.

Lakini pia usirudi kwenye ile sentensi moja ya daftari la zamani eti kwa sababu hiyo haimuumizi mtu. Inawaumiza waliochimba. Watoto wafundishe kusema, "Hili nimeambiwa na fulani," na wafundishe kuuliza wa pili na wa tatu. Wakikuuliza jambo usilolijua, sema hulijui, na usibadilishe maneno mara tatu kama mimi. Hawatakudharau. Na usiache kisa kikiwa kimesikika kwa mdomo wa mmoja tu, hata kama huyo mmoja ndiye aliyeumia, hata kama unamwamini. Kama ningelijua hilo siku ile ya kwanza, labda fimbo isingeshikwa. Nasema labda. Nimezeeka na bado nasema labda.

Nenda basi kwenye darasa lako. Mungu akupe watoto wenye maswali, na akupe moyo wa kuyavumilia. Akulinde na kiburi kile cha ujana kilichonipata mimi, lakini asikunyang'anye ujasiri. Wazee wa huko unakokwenda wakufungulie milango yao, wakwambie wanayoyajua kabla hawajaondoka nayo. Na siku utakayochanganyikiwa, maana itakuja, akupe mtu wa kumwendea. Nami nikiwa hai, mlango wangu unaujua.